Mimba ya Fundi Dishon

Kosa la Dishon Shiundu halikuwa kuugua. Kosa lake lilikuwa kumweleza mkewe kila kitu alichoambiwa kliniki.

Alirudi nyumbani mtaani Jericho, Nairobi, saa nane mchana, akavua kofia, akamkuta Khavere ameinamia cherehani akishona majoho ya kwaya. Akaiweka karatasi ya maabara juu ya kitambaa. Khavere akaisoma, akaona nambari moja imezungushiwa wino mwekundu: arobaini na sita.

"Hii nayo ni ya nini?"

"Ni ile protini ya ini. Wanaiita AFP. Yangu imekuwa nne, tano, nne, miaka yote mitatu. Sasa imeruka."

"Na hiyo protini kazi yake ni gani?"

Hapo ndipo alipopaswa kunyamaza. Lakini Dishon ni mtu mkweli, na nesi Shirleen alikuwa amemweleza vizuri, naye alitaka ijulikane kwamba ameelewa. Akasema protini hiyo hutengenezwa na ini la mtoto aliye tumboni mwa mamake. Mtoto akishazaliwa, ini huacha kidogo kidogo, na kwa mtu mzima hubaki chembe tu, chini ya kumi. Ikipanda kwa mtu mzima, basi huyo ni mama mjamzito, au ni mtu ambaye ini lake linafaa kuchunguzwa.

Khavere akasimamisha cherehani. Akamtazama mumewe wa miaka hamsini na sita, ndevu zimejaa vumbi la mbao, mshipi umefungwa chini ya kitambi.

"Baba Winny," akasema polepole. "Una miezi mingapi?"

Mambo haya yalianza kanisani, miaka mitatu nyuma, siku ya kuchangia damu. Dishon alijitolea kwa moyo mmoja, ingawa Khavere husema alijitolea kwa sababu ya soda na biskuti. Baada ya wiki chache akapigiwa simu: damu yake haikuweza kutumika, ilikuwa na virusi vya homa ya ini aina ya B. Yeye hakuwa akihisi chochote. Khavere na binti yao Winny walipimwa wiki hiyo hiyo, wakaonekana wazima, wakachanjwa. Dishon akapewa tembe moja ya kumeza kila siku na tarehe ya kurudi kliniki kila miezi sita. Hapo hupakwa mafuta baridi tumboni na kupigwa picha ya ultrasaundi, kisha hutolewa damu ya kupima AFP, kwa sababu virusi hivyo vinaweza kuzaa saratani kimyakimya. Alikuwa akienda kama mtu anayeenda kunyolewa. Anaingia, anatoka, anarudi kuunda vitanda vyake soko la Gikomba.

Safari hii picha haikuonyesha kitu, ila nambari ndiyo iliyopanda. Daktari Barre, mwanamume mrefu asiyepandisha sauti, alitaka Dishon alazwe kwenye mashine kubwa ya CT, inayolitazama ini kipande kwa kipande. Dishon akakataa.

"Picha imesema niko sawa, nambari imesema siko sawa," alimwambia. "Mimi nimechagua picha."

Wakavutana, mwisho wakakubaliana damu ipimwe tena baada ya wiki sita. Daktari aliandika tarehe na chini yake akaandika kwa herufi kubwa: ASIKOSE.

"Yaani wewe wamkatalia daktari?" Khavere aliuliza alipomaliza kucheka.

"Nambari hukosea. Mimi hutengeneza vitanda bila tepu ya kupimia na havijawahi kuyumba."

"Kile chetu kinayumba."

"Ni sakafu."

"Miaka ishirini na saba ni sakafu," Khavere akasema, akarudi kwa cherehani yake.

Kosa la pili la Dishon lilikuwa Kweyu. Kweyu ni fundi mwenzake, wanatumia banda moja Gikomba, mmoja anapiga randa na mwingine anapiga msasa. Dishon alimweleza kwa siri, wakiwa wawili, huku akiangalia mlangoni. Lakini siri Gikomba hudumu muda wa chai kupoa. Siku iliyofuata alipofika kazini alikuta kiti chake kimewekwa mto.

"Niaje, mathe!" Kweyu akamwamkia, kama anayemsalimu mama mjamzito. "Kaa taratibu. Mgongo unauma?"

Wafula, msukuma mkokoteni anayewaletea mbao, alimnyang'anya ubao mkononi. Akasema mtu katika hali yake habebi vitu vizito. Mama anayeuza vitu vya wajawazito pale njiani akamtumia pakiti ya odowa, yale mawe laini ya kutafuna, bure kabisa, na ujumbe kwamba akitamani ndimu pia asione haya.

Dishon alinuna siku nzima. Aliporudi nyumbani akamlalamikia mkewe, akidhani atahurumiwa. Khavere aliuliza tu kama odowa alizirudisha au alizionja.

"Nilionja moja," Dishon akakiri.

Khavere alicheka mpaka akafuta machozi kwa ncha ya joho la kwaya.

Asichojua Dishon ni kwamba Alhamisi ile mkewe alipoaga kuwa anaenda kununua uzi, uzi haukununuliwa. Khavere alikwenda kliniki, akangoja kwenye foleni saa mbili nzima, akamwuliza Shirleen uso kwa uso.

"Sista, niambie bila sukari. Arobaini na sita ni kitu gani?"

Shirleen alimwambia bila sukari. Nambari moja peke yake si saratani, alisema. Ini likiwa limechafuka kwa virusi laweza kuipandisha kidogo kisha ikashuka. Kwa Dishon, virusi vilikuwa vimetulia kwa dawa, kwa hiyo sababu hiyo haikuelekea. Na jambo linalowatisha si nambari kubwa, ni nambari inayopanda ngazi. Ikiwa ni saratani, ikikamatwa ingali ndogo huweza kukatwa. Ikiachwa mpaka mtu aanze kukonda na macho kuwa manjano, mara nyingi inakuwa imechelewa.

Khavere alishukuru, akarudi Jericho, akaendelea kumtania mumewe kana kwamba hajasikia lolote.

Wiki sita zikaisha. Dishon akatoa damu, na majibu akaenda kuyachukua mwenyewe. Aliingia nyumbani akijaribu kutembea kwa madaha, mkono mmoja kiunoni.

"Imefika mia moja na kumi na nane," akatangaza. "Mama Winny, nadhani ni mapacha."

Alikuwa ameutunga mzaha huo njia nzima. Khavere hakucheka. Aliichukua karatasi, akaisoma mara mbili, akaikunja, akaiweka ndani ya Biblia. Kisha akamimina chai, akamletea. Chai haikuwa na sukari, na Khavere hakuwa mtu wa kusahau sukari.

Siku ya pili ikawa hivyo hivyo. Chakula kililetwa, nguo zikapigwa pasi, maswali yakajibiwa, lakini maneno yale ya kuchomachoma yakawa yamekauka. Dishon aligonga msumari kwenye mguu wa kitanda kisha akauliza makusudi kama kingali kinayumba. Khavere akasema kiko sawa. Hapo ndipo Dishon aliposhikwa na hofu ya kweli. Daktari hakuwa amemtisha, wala nambari. Lakini mke wake kusema kitanda kile kiko sawa!

Asubuhi ya siku ya tatu akaweka kikombe chini.

"Mama Winny, nitanie basi."

"Siwezi."

"Kwa nini?"

"Mtu anayekimbia hataniwi, anafukuzwa, na mimi nimechoka." Sauti yake ilikatika kidogo, akajifanya anatafuta sindano. "Mimi siwezi kukata kitambaa cha mtoto wa shule bila kupima, nawe unataka kuishi kwa kukisia. Nenda ulale kwenye hiyo mashine. Ukitoka nitakutania mpaka uniombe msamaha."

Dishon alienda Jumatatu.

Wakamdunga dawa ya kuling'arisha ini pichani, wakamwambia atahisi joto. Hawakumwambia joto litashukia wapi. Alipotoka, akafanya kosa la tatu, akamweleza Khavere kwamba wakati fulani aliamini kabisa amejikojolea.

"Hiyo ni kawaida," Khavere akasema kwa upole mkubwa. "Mtoto akikua anakandamiza kibofu."

Dishon akacheka. Walicheka wote wawili pale kwenye ukumbi wa hospitali mpaka askari wa mlangoni akawatazama vibaya.

Majibu waliyasikiliza pamoja. Daktari Barre aligeuza kioo cha kompyuta ili waone. Upande wa nyuma wa ini, juu kabisa chini ya mbavu, kulikuwa na doa la mviringo.

"Hapa ndipo ultrasaundi ilipokosa kufika," alisema. "Mbavu na hewa ya mapafu vilipafunika. Nambari iliona kabla ya picha. Ni saratani ya ini, mzee. Sitaki kukuficha."

Khavere alimshika mumewe mkono, na mkono ule wenye sugu ulikuwa baridi kama bomba.

"Ni kubwa kiasi gani?" Dishon akauliza.

"Sentimita mbili nukta moja."

Dishon akafungua vidole vyake viwili hewani, akavitazama. "Hiyo haifiki hata inchi moja."

"Ndiyo maana naweza kuzungumza nawe leo nikiwa na matumaini. Ni moja, ni ndogo, na ini lako lililobaki bado lina nguvu. Inaweza kukatwa."

"Kama jicho la mbao," Dishon akasema. "Unaliondoa jicho, ubao uliobaki unatengeneza kitanda kizuri."

"Kama jicho la mbao," daktari akakubali. "Ila ubao wako ukiukata haukui tena. Ini hukua."

Dishon alilifikiria jambo hilo, akaitikia kwa kichwa. Kwa mara ya kwanza tangu kosa la kwanza alionekana kuvutiwa na tumbo lake mwenyewe.

Siku ya upasuaji damu yake ilisoma mia moja na arobaini. Upasuaji ulichukua saa nne, na Khavere akakaa nje na wanawake watatu wa kanisa, akishona kola ya joho kwa mkono. Aliitoboa kola mahali pasipohitajika, akafumua, akashona tena. Daktari alipotoka na kusema wametoa lote, na kingo za kipande walichokata ni safi, Khavere aliuliza kama amesema kweli. Akaambiwa ni kweli. Akaomba radhi, akaenda chooni, akakaa huko muda mrefu.

Lakini alipoingia wodini kesho yake, alikuwa na chupa ya uji wa wimbi, mzito, wenye siagi.

"Hongera, umejifungua salama," akasema kwa sauti iliyosikika vitanda vyote. "Kunywa, maziwa yatoke."

"Usinichekeshe," Dishon akasihi, ameshika kidonda. "Inauma."

"Uzazi huuma."

Mgonjwa wa kitanda cha pili, ambaye hakuwa amecheka tangu alazwe, akaomba ahadithiwe.

Daktari alikuwa amewaeleza kwamba saratani ikitoka yote, nambari hujipunguza nusu kila baada ya siku tano hadi saba, mpaka irudi mahali pake. Ikikwama njiani au ikigeuka na kupanda, maana yake kuna mbegu imebaki. Kwa hiyo nyumbani Jericho wakaanza kuihesabu kama watu wanaomngoja mgeni. Wiki ya pili, thelathini na moja. Wiki ya nne, nane. Mwezi wa tatu, nne. Dishon, aliyekuwa adui wa nambari, sasa alizisomea majirani kwenye kamba za nguo, hata wale ambao hawakuuliza. Kweyu alimrudishia nafasi yake bandani na kumkaribisha kama mtu aliyetoka likizo ya uzazi.

Ni katika ziara hiyo ya mwezi wa tatu ndipo Shirleen alipomwuliza swali jipya.

"Mzee, una ndugu wa tumbo moja?"

"Mmoja, mkubwa wangu. Ndete, yuko Mukuru kwa Njenga, anapakia sabuni kiwandani."

"Amewahi kupimwa homa ya ini?"

"Ndete? Yeye hapimwi hata joto."

"Na mama yenu?"

"Alifariki mwaka themanini na nane. Tumbo lilivimba, macho yakawa manjano, akakonda. Miezi minne tu."

Shirleen akaweka kalamu chini. Akamwambia kwamba virusi hivi mara nyingi mama humpa mtoto siku ya kuzaliwa, bila yeyote kujua, na vinaweza kulala miaka hamsini.

Jumapili Dishon alikwenda Mukuru. Ndete, pandikizi la mtu anayecheka kwa kifua, alimpokea vizuri, akamsikiliza mpaka mwisho, kisha akasema hana nafasi ya kupimwa mimba. Dishon hakubishana. Alifungua vifungo vya shati, akamwonyesha kovu lililopinda kutoka kifuani hadi ubavuni.

"Huu ndio mshono wangu, na walinikuta mapema," akasema. "Lakini wewe ndiye mkubwa. Labda wako utapenda uwe mrefu zaidi."

Ndete alilitazama kovu. Kicheko kikaisha taratibu, kama mashine iliyozimwa.

Alipimwa. Virusi vilikuwemo. AFP yake ilisoma tatu, naye akaanza kumringia mdogo wake kwamba hata katika hili amemshinda. Daktari Barre akamkatiza: ziko saratani za ini ambazo hazipandishi nambari hata kidogo, kwa hiyo tatu si cheti cha uzima. Atapigwa picha pia, na atarudi kila miezi sita kama mwenzake. Picha ikatoka safi. Akaanzishiwa dawa.

Ndugu hao wawili walikuwa wamekaa kwenye benchi la kliniki wakingoja dawa hiyo, Khavere katikati yao, Ndete aliposema, akiwa ameikazia macho sakafu:

"Kwa hivyo hakuwa Ayuma."

Khavere alilijua jina hilo kwa kusikia tu. Ayuma alikuwa jirani yao kule kijijini Vihiga na rafiki wa mama yao, watu wa kuazimana jembe na kuchota maji pamoja. Mama alipougua, Ayuma alimletea uji kila siku. Mama alipokufa, watu wakasema ni ule uji uliomuua. Ayuma alizuiwa asifike mazishini, na jioni hiyo nyumba yake ikapigwa mawe. Baada ya mwaka akahama.

"Nilirusha jiwe," Ndete akasema. "Nilikuwa na miaka ishirini na mitatu. Sikuwa mtoto."

Walimwuliza daktari. Akasema hawezi kuapa kuhusu mtu aliyekufa bila kupimwa, lakini dalili zile ni za ini, na uji hauleti hayo.

Khavere ndiye aliyemtafuta. Kwa watu wa kanisa hakuna anayepotea, na baada ya wiki mbili aliambiwa Ayuma yuko hai, anaishi Dandora kwa binti yake. Wakaenda Jumamosi alasiri, watatu, na unga, sukari na majani chai kwenye mfuko.

Walimkuta mlangoni akichambua mboga, kikongwe mwembamba mwenye macho makali. Dishon alipotaja jina la mama yao, mikono yake ikasimama. Aliwaambia waingie, akawaacha waketi, akaendelea kuchambua mboga. Ilikuwa zamu ya Ndete kusema. Khavere alimsukuma kwa kiwiko.

"Mama," Ndete akaanza. "Siku ile ya mazishi. Lile jiwe lilikuwa langu."

"Lipi?" Ayuma akauliza. "Yalikuwa mengi."

"Sijui, mama. Nilirusha nikakimbia."

"Moja lilivunja chungu changu cha maji. Hilo ndilo lako?"

"Sijui."

"Basi tuseme ni lako, kwa kuwa wenzako hawajaja."

Dishon alimweleza yote: virusi, damu yake, doa, damu ya Ndete, na maneno ya daktari juu ya mama yao. Ayuma alisikiliza bila kumkatiza. Dishon alipomaliza, bibi akaweka mboga kando.

"Alikuwa anatapika kila kitu," akasema. "Uji wangu tu ndio uliokaa. Ndio maana nilikuja kila siku. Nanyi mlikuwa mnaniona nikija." Akamgeukia Khavere. "Hawa wanaume wa nyumba yenu, huwachukua muda gani kuelewa jambo?"

"Huyu wangu, wiki sita na mashine moja," Khavere akasema. "Na huyu shemeji, miaka thelathini na saba."

Bibi akacheka, kicheko kidogo kikavu, kisha akalia, na Ndete akalia naye. Binti wa Ayuma akaja kutoka jikoni kuona kuna nini.

Mwezi wa Desemba wakampeleka Vihiga. Damu ya Dishon ilikuwa imepimwa tena kabla ya safari, na ilikuwa nne. Njia ya kufika kaburini kwa mama yao ilikuwa na matope, na Ndete akambeba Ayuma mgongoni, huku bibi akimkemea kwamba anatembea kama ng'ombe. Walipofika aliwaomba kiti, akaketi kando ya kaburi, akawaangalia mmoja mmoja.

"Sasa nendeni," akasema. "Nina maneno yangu na huyu, na ninyi hamkualikwa."

Wakasogea hadi kwenye ua wa michongoma, wakangoja. Jua likapanda. Mara moja walimsikia akipandisha sauti kama anayegomba, mara nyingine wakasikia anacheka. Ndete akauliza kama haifai wamwite, chai inapoa.

"Mwache," Khavere akasema.